Panda Shuka ya Uwanda wa Kati: Timu za Dodoma, Singida na Tabora na Mjadala wa Mashabiki Wao

Ligi ya juu ya soka ya Tanzania Bara ilianza kuchezwa mwaka 1965, na tangu hapo taji lake limetoka nje ya Dar es Salaam mara za kuhesabika. Mseto ililipeleka Morogoro mwaka 1975, Tukuyu Stars ikalipandisha milima ya Rungwe mwaka 1986, Coastal Union ikalichukua hadi Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Turiani, ikalitwaa mara mbili mfululizo mwaka 1999 na 2000. Katika safari zote hizo taji halikuwahi kushushwa Dodoma, Singida wala Tabora, miji mitatu ambayo kwa pamoja ina historia ndefu ya mpira na mashabiki wasiochoka kuulizana kwa nini mambo yako hivyo.

Uwanda wa kati, yaani nchi ya juu na kame inayoanzia Kongwa na Mpwapwa, ikapita Dodoma na Manyoni, ikapanda Singida na kuishia katika misitu ya miombo ya Tabora, haukuwahi kukosa timu. Kiutawala Dodoma na Singida ndizo huitwa Kanda ya Kati na Tabora huhesabiwa magharibi, lakini reli, ukame na historia ya soka vimeifanya miji hiyo ifanane kiasi kwamba ni vema kuitazama pamoja. Kilichokosekana huko ni mwendelezo, kwa maana ya timu kupanda Ligi Kuu, kukaa humo miaka kumi au kumi na tano, kuzoea kumaliza msimu katika nafasi za juu na kuwarithisha watoto wa mashabiki jina lilelile walilolishangilia wazazi wao. Badala yake kumekuwa na panda shuka, neno la vijiweni kwa timu ambayo leo imo Ligi Kuu na kesho iko daraja la chini, na mara nyingine kesho kutwa haipo kabisa.

Mjadala wa mashabiki kuhusu jambo hili una washtakiwa wake wa kudumu. Wa kwanza ni kocha, ambaye husifiwa hadi mechi ya tano na kutakiwa afungashe virago kufikia ya kumi. Baada yake huja mwamuzi, anayeaminika kupoteza macho pale Simba au Yanga inapokuwa uwanjani, kisha usajili, hasa ule wa dirisha dogo la katikati ya msimu, unaodaiwa kuleta wachezaji waliochoka kutoka pwani. Mwisho, kwa sauti ya chini kidogo, hutajwa kamati ya ufundi, jina la staha wanalopewa watu wanaokabidhiwa fedha za klabu ili washughulikie uchawi wa mechi. Hoja hizi zina chembe za ukweli, isipokuwa ile ya mwisho, ambayo kazi yake kubwa imekuwa kula fedha ambazo zingenunua viatu. Hata hivyo zote zinachukulia kwamba timu ipo, imesimama, na kwamba swali lililobaki ni namna inavyoendeshwa, ilhali historia ya uwanda huu inaelekeza kwenye swali linalotangulia hilo, nalo ni la nani mwenye timu.

Mpira wa miguu uliingia bara kwa reli na kwa shule. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na baada ya Waingereza kuichukua Tanganyika, vituo vyake vikawa makazi ya makarani, mafundi na askari waliokwisha kuujua mchezo huo walikotoka. Shule nazo zilichangia sehemu yao: Shule ya Serikali ya Tabora, aliyosoma Julius Nyerere, na Shule ya Alliance ya Dodoma, ambayo baadaye ilijulikana kama Mazengo, zilikuwa na michezo katika ratiba zao kama zilivyokuwa na hesabu. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni yalikuwapo pia mashindano ya majimbo ya Kombe la Sunlight, ambapo Jimbo la Kati, makao yake yakiwa Dodoma, lilishindana na majimbo yenye bandari, mikonge na miji mikubwa zaidi.

Tofauti ya mwanzo kabisa kati ya bara na pwani inaonekana hapa. Yanga iliyoundwa mwaka 1935, na Simba iliyoundwa mwaka 1936 ikatumia kwa miaka mingi jina la Sunderland hadi mwaka 1971, zilizaliwa na wakazi wa mitaa ya Dar es Salaam waliochanga, wakapigiana kura, wakagombana, wakagawanyika na kurudiana, huku klabu ikibaki mali ya wanachama. Mchezaji wa Dodoma wa zama hizo kwa kawaida alikuwa mtumishi, na mtumishi ana uhamisho. Karani wa reli aliyekuwa winga wa kushoto Dodoma angeweza kupelekwa Kigoma kwa barua moja, na mwalimu aliyefunga mabao Singida angekuta jina lake kwenye orodha ya waendao Bukoba. Mji wenyewe ulikuwa mdogo: sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dodoma na watu zaidi ya 23,000 tu, na Wagogo walio wengi, wakiwa wafugaji na wakulima wa uwele na mtama vijijini, hawakuwa na sababu ya kulipa ada ya klabu iliyokuwa mbali nao kimaisha hata kama ilikuwa karibu kwa maili.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamishiwe Dodoma, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyofahamika zaidi kwa herufi tatu za CDA, ikapewa jukumu la kupima viwanja, kujenga na kuusimamia mji mpya. Zama hizo, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashirika ya umma yalikuwa ndiyo walezi wa michezo kote nchini. Kampuni za biashara za mikoa, zilizojulikana kama RTC, zilikuwa na timu, shirika la reli lilikuwa na Reli ya Morogoro iliyojiita Kiboko ya Vigogo, na Mwanza ilikuwa na Pamba, iliyobeba jina la zao lililoulisha mkoa. Mchezaji aliajiriwa kwanza ndipo akasajiliwa, mshahara wake ukatoka kwa mhasibu wa shirika, na akistaafu mpira alibaki na kazi. Dodoma nayo ikapata timu za namna hiyo, na majina mawili ambayo wazee wa mji hawakosi kuyataja mazungumzo ya soka yanaporudi nyuma ni CDA na Waziri Mkuu, moja likiwa la mamlaka yenyewe na jingine la cheo ambacho ofisi yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuhamia mji huo.

Majina hayo yanastahili kutazamwa kwa makini. Hakuna katika hayo mawili linalotaja mtaa, kabila, mlima wala mazao ya Dodoma. Yote mawili ni majina ya ofisi, na ofisi inaweza kuanzishwa au kufutwa kwa sahihi. Mfumo huo ulikuwa na neema yake, kwani bila mashirika ya umma soka la mikoani lingebaki la ndondo, yaani mashindano ya mitaani yasiyo na daraja. Lakini uliwafundisha mashabiki kukaa jukwaani kama wageni waalikwa, wakipewa burudani ambayo hawakuichangia na ambayo siku ikiondolewa hawakuwa na kikao cha kuhoji. Miaka ya 1990 ilipofika na mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa au kufilisika, timu nyingi za aina hiyo zilikwenda nayo. CDA yenyewe, kama mamlaka, iliendelea hadi Mei 2017, Rais John Magufuli alipoivunja na kazi zake kukabidhiwa kwa manispaa.

Kilichofuata ni kipindi cha timu kuonekana na kutoweka. Tabora, iliyokuwa imejivunia Milambo, timu yenye jina la mtemi Mirambo wa Urambo, ilirudi Ligi Kuu kwa kikosi tofauti kabisa cha Rhino Rangers msimu wa 2013/14, kikashuka msimu huohuo. Polisi Dodoma ilifika Ligi Kuu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, nayo ikashuka. Timu ya polisi au ya jeshi ina nidhamu na mishahara ya uhakika, lakini makao yake huamuliwa na makamanda, si na majukwaa. JKT Tanzania, kwa mfano, iliwahi kuutumia Uwanja wa Jamhuri wa Dodoma kama wa nyumbani, na leo wachache mjini huikumbuka kama timu yao.

Hata hivyo mfano mzito kuliko yote ni wa Singida, kwa sababu huko fedha hazikukosekana na bado mwendelezo ukakosekana. Singida United ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2017/18 ikiwa na mdhamini wa michezo ya kubahatisha, wachezaji wa kigeni na kocha Mholanzi Hans van der Pluijm, aliyekuwa ameipa Yanga ubingwa. Msimu huo ilimaliza katika nafasi za juu na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa Arusha, ambako ilifungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2. Kwa mji ambao watu wengi wa nje waliujua kwa alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji, ulikuwa mwaka wa kutembea kifua mbele. Misimu miwili baadaye, mwaka 2020, Singida United ilishuka ikiwa mkiani mwa msimamo, na madeni ya mishahara yakawa ndiyo habari pekee iliyobaki kuhusu klabu hiyo.

Mwaka 2022 Singida ilikuwa tena Ligi Kuu, ila haikupanda. Timu ya benki ya Diamond Trust, iliyoitwa DTB, ndiyo iliyopanda, kisha ikabadili jina na makao na kuwa Singida Big Stars. Kocha akawa tena van der Pluijm, na msimu wa 2022/23 ukaisha timu ikiwa ya nne, nafasi iliyoipa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kabla ya mashindano hayo kuanza jina lilibadilika kuwa Singida Fountain Gate, kutokana na ushirika na taasisi ya shule za Fountain Gate, na kwa jina hilo timu iliitoa JKU ya Zanzibar na kutolewa na Future ya Misri. Mwaka 2024 mambo yakageuka tena: Ihefu, klabu iliyotoka Mbarali mkoani Mbeya, ikahamia Singida na kuitwa Singida Black Stars, wakati ile ya Fountain Gate ikaliondoa jina la Singida na kwenda kucheza Babati, mkoani Manyara. Shabiki wa Singida aliyeipenda timu ya mji wake tangu 2017 alikuwa, kufikia 2024, amekwisha kushangilia majina manne yaliyotoka katika klabu tatu tofauti, na moja kati ya hizo sasa ilikuwa ikija Singida kama mgeni.

Kwa hesabu ya matokeo peke yake, hakuna cha kulalamikia. Singida Black Stars ilimaliza msimu wa 2024/25 ikiwa ya nne, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kufungwa na Yanga mabao 2-0, na Septemba 2025 ikatwaa Kombe la Kagame, mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati, kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan. Ndiyo mafanikio makubwa kuliko yote ambayo jina la Singida limewahi kuyapata katika soka. Lakini wale wanaodai vijiweni kwamba tatizo la timu za kanda hii ni kocha wana kazi ya kueleza namna kocha yuleyule alivyofanya vizuri Singida mara mbili, na mara zote mbili klabu aliyoiongoza ikawa imeondoka au imebadilika muda mfupi baada ya yeye kuondoka.

Tabora iliyaonja hayo kwa namna ya fedheha zaidi. Kitayosce, timu yenye asili ya Kilimanjaro iliyokuwa imehamia Tabora, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023, na mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Azam huko Chamazi mwezi Agosti. Kutokana na zuio la usajili lililokuwa juu yake, iliingiza uwanjani wachezaji wanane dhidi ya kumi na mmoja. Baada ya dakika zipatazo kumi na tano ilikuwa imefungwa mabao manne, matatu yakiwa ya Feisal Salum, na wachezaji wake walipopungua chini ya saba, idadi ya mwisho inayoruhusiwa na sheria za soka, mwamuzi akamaliza mchezo. Timu hiyohiyo, ikiwa imebadili jina kuwa Tabora United, ndiyo iliyoifunga Yanga mabao 3-1 Novemba 2024, na mwaka 2025 ikapita mikononi mwa Mamlaka ya Mapato Tanzania na kuitwa TRA United. Mzunguko umefika ulikoanzia katika miaka ya 1970: timu imebeba tena jina la ofisi.

Dodoma imechukua njia nyingine, na ndiyo sababu inastahili kutazamwa kivyake. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko kwa vitendo, na manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 26, 2018, timu ya halmashauri iliyojulikana kama Dodoma FC ikaja kuitwa Dodoma Jiji. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020 chini ya kocha Mbwana Makata, pamoja na Ihefu na Gwambina. Mashabiki waliipa jina la Walima Zabibu, kwa zao ambalo wilaya za Dodoma hulivuna mara mbili kwa mwaka, na kwa mara ya kwanza timu kubwa ya mji huo ikawa na lakabu inayotoka shambani. Gwambina ilishuka msimu wake wa kwanza, Ihefu nayo ikashuka mwaka huohuo, ikarudi, na hatimaye ikahama mkoa. Dodoma Jiji ikabaki.

Imebaki, lakini bila kusogea mbali. Tangu Makata imepita mikono ya Masoud Djuma, Melis Medo, Francis Baraza na Mecky Maxime, kila mmoja akija na wachezaji wake na falsafa yake. Fedha za timu hutoka katika bajeti ya halmashauri, maana yake ni kwamba zinapangwa na baraza la madiwani lililo pia na zahanati, barabara na madawati ya kushughulikia, na kwa haki hakuna diwani anayeweza kulaumiwa akichagua dawati mbele ya mshambuliaji. Mbeya City, timu nyingine ya halmashauri, ilishika nafasi ya tatu msimu wake wa kwanza wa 2013/14 ikiwa na wachezaji wengi wa nyumbani, lakini haikuweza kulipa vya kutosha kuwazuia wasiondoke, na mwaka 2023 ikashuka. Uwanja nao si wa timu, kwani Jamhuri ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kama vilivyo Liti wa Singida na Ali Hassan Mwinyi wa Tabora, viwanja vilivyobaki mikononi mwa chama tangu enzi za chama kimoja.

Halafu kuna suala la watu wenyewe, ambalo mashabiki huliepuka kwa sababu linawagusa wao. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dodoma mjini na watu 410,956, na ile ya 2022 ikakuta 765,179. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni watumishi na familia zao kutoka kila pembe ya nchi, waliofika na Simba au Yanga zao mioyoni. Siku moja ya hizo mbili inapocheza Jamhuri, jezi za kijani na njano au nyekundu na nyeupe hujaa kuanzia majukwaa ya jua hadi ya kivuli, na mwenyeji hufungwa nyumbani kwake mbele ya watu wanaoshangilia. Mapato ya mlangoni, yaani fedha za viingilio, huwa makubwa siku hiyo na madogo sana siku ya mgeni asiye na jina, hivyo klabu hujikuta ikiwategemea kwa fedha watu wasioitakia ushindi.

Ulinganisho na mchezo wa besiboli wa Marekani, unaochezwa kwa gongo na mpira mdogo mgumu, unasaidia hapa. Chicago Cubs ilitwaa ubingwa mwaka 1908 na haikuupata tena hadi 2016, miaka 108, na katika ukame huo wote mashabiki wake hawakupungua, kwa kuwa ilibaki mjini kwake, kwa jina lake, na kuanzia 1916 katika uwanja uleule. Brooklyn Dodgers, kinyume chake, ilikuwa bingwa mwaka 1955, na msimu wa 1958 ulipoanza wamiliki wake walikuwa wameihamishia Los Angeles, umbali wa bara zima, wakawaachia watu wa Brooklyn hasira ambayo vitabu bado vinaandikwa juu yake. Singida imepata mambo ya Brooklyn bila kupata kwanza miongo ya subira ya Chicago.

Wala haiwezi kusemwa kwamba uwanda huu hauna vipaji. Alphonce Simbu, mkimbiaji wa mbio ndefu kutoka Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo mwaka 2025, na wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walikuwa mabingwa wa Afrika wa soka la shule mjini Durban mwaka 2023. Ushindi huo wa wasichana haukupewa uzito unaostahili katika mjadala wa mashabiki wa Dodoma, pengine kwa sababu haukuwa wa Ligi Kuu, ingawa ndilo kombe la bara lililotoka katika kikosi cha mji wao. Wengi wa wachezaji wa umri huo hutafuta nafasi zao pwani, kwa kuwa nyumbani hakuna klabu yenye uhakika wa kuwapo kwa jina lilelile watakapofikisha miaka ishirini na mitano.

Hadi msimu wa 2024/25 unamalizika, Dodoma Jiji ilikuwa imecheza Ligi Kuu misimu mitano mfululizo bila kushuka na bila kuhama, jambo ambalo hakuna timu yoyote ya Singida iliyolifanya tangu 2017. Halmashauri inayoimiliki bado haijawafungulia mashabiki uanachama wenye kura, kama walivyo nao wenzao wa Jangwani na Msimbazi, yaani wa Yanga na Simba, na mpaka ifanye hivyo, watu wa Dodoma wataendelea kumjadili kocha ambaye hawakumwajiri wala hawana uwezo wa kumwachisha kazi.